Bastola Safarini Marekani: Kibali, Sanduku la Kufuli, au Uiache Nyumbani?

Binamu yangu alipopewa kibali cha kubeba silaha na ofisi ya sherifu hapa Ohio, alinipigia simu kabla hata hajatoka kwenye maegesho. "Kaka, hii si kama leseni ya gari? Nikivuka jimbo jingine wanaitambua tu." Nilikuwa kwenye foleni ya mizani, nikamwambia nitampigia nikitoka. Nilipompigia, tulizungumza saa nzima, na mengi ya hapa chini ndiyo niliyomwambia.

Leseni ya udereva ya Ohio inakufikisha California na kukurudisha bila mtu kuihoji. Kibali cha kubeba bastola iliyofichwa hakiko hivyo. Kila jimbo linajiamulia litatambua kibali cha jimbo gani, kwa masharti gani, na mengine hayatambui cha mtu yeyote. Sisi tuliokulia Kenya au Tanzania jambo hili hutupita kirahisi, kwa sababu kule nyumbani sheria ya silaha ni moja kwa nchi nzima. Aliyepewa cheti Nairobi hatafuti kingine akifika Voi. Hapa unaweza kuwa raia mwema saa nne kamili asubuhi, na saa nne na dakika tano ukawa mshitakiwa, na katikati yake hakuna ulichofanya ila kuvuka daraja.

Naendesha trela kutoka Columbus, kwa hiyo nitalinganisha njia ninazozijua. Anayeendesha gari dogo kwenda harusini au msibani atanufaika pia, kwa sababu sheria ni zilezile; tofauti yake kubwa ni kwamba yeye ana buti, mimi sina.

Kabla ya ramani, jiangalie wewe

Kuna watu ambao ulinganisho huu hauwahusu kwa sababu sheria ya shirikisho, ile ya nchi nzima, imekwisha kuwakatalia. Mwenye viza ya mwanafunzi, ya matembezi au ya kazi ya muda haruhusiwi kushika silaha wala risasi, isipokuwa apite kwenye milango michache kama leseni halali ya uwindaji. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mkewe au mwenzi wake, hata kama kosa liliandikwa kuwa dogo, amefungiwa tangu 1996. Anayetumia bangi naye yumo, hata kama jimbo lake linaiuza dukani kwa risiti.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi pia. Lakini hapa ndipo ninapowavuta watu masikio. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini, na miaka aliyokaa hapa haimkingi. Mmarekani akikosea daraja anakabiliwa na faini au jela. Wewe mwenye grini kadi unakabiliwa na hayo yote, halafu ukitoka unakuta maafisa wa uhamiaji wanakungoja mlangoni. Ndiyo maana ushauri wa mitandaoni wa wenyeji, "beba tu, mawakili wapo", si ushauri wa kwetu.

Magharibi: Indiana na Illinois

Kutoka Columbus unashika barabara kuu ya I-70, unapita Dayton, unaingia Indiana pale Richmond. Mpaka huu hauna habari. Ohio iliondoa ulazima wa kibali Juni 2022, Indiana ikafuata Julai mwaka huohuo. Tofauti ni umri: Ohio inataka uwe umetimiza miaka 21, Indiana inaridhika na 18. Kwa jumla majimbo yanayomruhusu mtu mzima asiye na doa kubeba bila kibali yalifika 29 mwaka 2024, Louisiana na South Carolina zikiwa za mwisho kujiunga.

Ukipanda I-65 mpaka Gary na kuingia Chicago, mambo yanageuka. Illinois ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini kuruhusu watu kubeba bastola zilizofichwa, mwaka 2013, tena baada ya kusukumwa na mahakama ya rufaa. Mkazi wake anasoma darasa la saa 16 kabla ya kupewa kibali. Vibali vya nje haivitambui. Lakini imeweka nafasi moja ambayo wengi hawaijui: mgeni ambaye jimbo lake linamruhusu kubeba anaweza kuwa na bastola yake ndani ya gari, na kibali cha jimbo lake ndicho kinachomshuhudia. Akishuka, bastola inabaki ndani, gari likiwa limefungwa, au ndani ya sanduku lililofungwa humo garini.

Soma tena hapo kwenye kushuka. Ukifika ghala la Cicero, ukafungua mlango, ukatia mguu chini ukiwa na bastola kiunoni ili upeleke karatasi za mzigo dirishani, umekwisha kutoka kwenye nafasi ile. Mimi hufunga kila kitu kabla ya mpaka, kwenye kituo cha mafuta upande wa Indiana, kwa sababu kwenye foleni ya Chicago hakuna pa kusimama na kupanga vitu kwa utulivu.

Kaskazini: Michigan, na daraja la kuogopwa

Michigan inataka kibali, na inaheshimu cha jimbo lolote mradi kiwe cha jimbo unaloishi. Neno hilo la "unaloishi" lishike, tutalirudia. Kinachoitofautisha ni polisi. Ohio siku hizi inakutaka useme una silaha pale afisa anapokuuliza. Pennsylvania ni karibu hivyohivyo. Michigan inakutaka uanze wewe, mara tu anaposimama dirishani: mikono kwenye usukani, salamu, halafu "afisa, nina kibali na nimebeba bastola." Usiposema unapigwa faini na kibali kinasimamishwa. Ushauri wangu ni kutumia desturi ya Michigan kila mahali unapobeba kihalali. Haigharimu kitu, na haikulazimu kukumbuka leo uko jimbo gani.

Pale Detroit njia za kuelekea Ambassador Bridge zimewapeleka Kanada madereva wengi waliokuwa wanatafuta tu kutoka barabara kuu. Ukishaingia njia ya daraja hakuna pa kugeuzia. Kanada haitambui kibali chochote cha Marekani, na kuingia na bastola usiyoitangaza ni kosa la jinai papo hapo. Ukiona umepotea na bastola iko garini, mwambie afisa wa kwanza utakayemfikia, kabla hajakuuliza.

Mashariki: hapa ndipo penye kazi

I-70 kwenda mashariki inavuka mto Ohio pale Wheeling na kukata kipande chembamba cha West Virginia. Ni dakika chache tu, na jimbo lenyewe halidai kibali kwa mwenye miaka 21. Unaingia Pennsylvania. Hapa kibali kinarudi kuwa na maana: bila kibali huruhusiwi kubeba bastola garini ila kwa sababu chache zilizoorodheshwa, lakini mwenye kibali halali cha jimbo lolote analindwa akiwa ndani ya gari. Kwa kutembea nayo mitaani, inategemea kama jimbo lako lina makubaliano nao. Orodha inatolewa na mwanasheria mkuu wa Pennsylvania na hubadilika. Ona tofauti: wawili wametoka Columbus asubuhi moja, mmoja ana kibali cha Ohio mfukoni, mwingine anategemea kwamba Ohio haikidai. Huyu wa pili, hapo Pennsylvania, ni mvunja sheria.

Halafu unafika Easton, unavuka mto Delaware, uko New Jersey.

New Jersey haitambui kibali cha jimbo lolote. Kukutwa na bastola bila kibali chao ni kosa la daraja la pili, kifungo cha miaka 5 hadi 10, na sheria yao inamfunga jaji mikono: miezi 42 ya kwanza hakuna kuachiwa kwa msamaha wa gereza. Risasi zenye ncha iliyotobolewa, zile ambazo maduka ya Ohio yanakuuzia kama za kawaida za kujilinda, nazo wana kifungu chao.

Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wadogo wawili, alisimamishwa na polisi huko Atlantic County. Alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Alikuwa amenunua bastola baada ya kuibiwa. Akamwambia afisa mwenyewe, kwa nia njema, kwamba anayo, akiamini kibali chake kinavuka mto pamoja naye. Alikamatwa, akakaa ndani zaidi ya mwezi, akakabiliwa na kifungo cha miaka. Aliokolewa na msamaha wa gavana Chris Christie, Aprili 2015. Kisa hiki nimekisimulia kwa watu wengi, na kila mara kuna anayesema "lakini si walimsamehe?" Ndiyo. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kesi kuvuma nchi nzima, na gavana aliyekuwa anaitazama ikulu. Wewe una gavana gani?

New York ni ndugu yake. Mahakama Kuu ya Marekani, Juni 2022, iliipiga marufuku kudai mwombaji athibitishe haja ya pekee ya kubeba. Watu wengi kwenye jamii yetu walielewa kwamba mpaka umefunguliwa. Haukufunguliwa. Jimbo lilitunga sheria mpya iliyoanza Septemba 1 mwaka huohuo: darasa la saa 16, saa 2 za kulenga shabaha, na orodha ndefu ya maeneo yasiyoruhusiwa, Times Square ikitajwa kwa jina. Vibali vya nje bado havitambuliwi, na Jiji la New York linataka kibali chake lenyewe hata kwa mkazi wa Buffalo. Magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye bastola, zisizidi risasi 10, wakati bastola nyingi zinatoka kiwandani na magazini ya 15 au 17.

Sheria ya kupita njia, na tundu lake

Watu hukimbilia sheria ya shirikisho ya 1986, ile inayomruhusu msafiri kupita na silaha katikati ya majimbo makali. Ipo, na ni nzuri, lakini isome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Bastola iwe haina risasi. Bastola na risasi zote visifikike kutoka unapokaa. Kama gari halina buti, viwe ndani ya sanduku la kufuli, na droo ya dashibodi au kisanduku cha katikati ya viti havihesabiki hata vikiwa na ufunguo. Kwa trela, maana yake ni sanduku la chuma lenye kufuli lake, na mimi huliweka nyuma kabisa chini ya kitanda, risasi zikiwa kwenye kopo lingine la kufuli.

Sasa tundu. Sheria hiyo inakulinda ukitoka mahali unaporuhusiwa kumiliki na kubeba, ukienda mahali *unaporuhusiwa kumiliki na kubeba*. Ukitoka Ohio kwenda Vermont, ambako hawajawahi kudai kibali, ukakatiza New York na sanduku lako limefungwa, uko ndani ya sheria. Lakini mzigo wako ukiwa wa bandari ya Elizabeth, New Jersey si njia tena, ni mwisho wa safari. Hapo huna kibali cha kubeba, kwa hiyo kinga ya 1986 haikufuniki, hata ufunge kufuli kumi. Madereva wengi ninaokaa nao vituoni hawajawahi kuliona hili. Wanaamini sanduku ni dawa ya kila jimbo.

Na hata anayepita tu, asilale ovyo. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah aliyekuwa anaunganisha ndege Newark alikwama usiku, akarudishiwa mizigo yake, bastola ikiwa humo imefungwa vizuri, akaenda nayo hotelini. Asubuhi alipoitangaza kaunta kama inavyotakiwa, akakamatwa. Mashitaka yalifutwa baadaye. Alipoishitaki mamlaka ya bandari, mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilimwambia kwamba akiwa hotelini bastola ilikuwa inafikika, kwa hiyo sheria ile haikumkinga. Somo kwa msafiri wa ndege: ukikwama Newark au New York, usiupokee mkoba wenye silaha. Uache mikononi mwa shirika la ndege.

Mabasi ya Greyhound hayakubali silaha kabisa, kwa hiyo hilo nalo usihangaike nalo.

Basi uchague nini?

Kubeba bila kibali, kwa kutegemea majimbo 29, ni rahisi na ni bure. Ukizunguka Ohio, Indiana, Kentucky, Tennessee mpaka Texas, inatosha kwa sehemu kubwa. Udhaifu wake mmoja nimeutaja, Pennsylvania na Michigan. Wa pili ni shule. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, karibu mita 300, na anayesamehewa ni mwenye kibali cha jimbo lenye shule hiyo, au aliyeifungia bastola isiyo na risasi sandukuni. Hebu fungua ramani ya mtaa wako uchore hizo duara. Huwezi kwenda kununua maziwa bila kukatiza moja.

Kwa hiyo kibali cha nyumbani, hata pale jimbo lako halikudai, ndicho chaguo langu la kwanza. Ohio ni darasa la saa 8, dola 67 kwa mkazi wa miaka mitano na zaidi, na kinadumu miaka mitano. Darasa lenyewe lina faida: wengi wetu hatujawahi kushika bastola mpaka tulipofika hapa, na kuijua kupitia video ni kujidanganya.

Kibali cha pili cha Utah kinapigiwa debe sana, kwa sababu Utah huwapa hata wasio wakazi. Kwa anayeishi Ohio sioni kinamwongezea nini cha maana. Majimbo kama Michigan na Colorado yanatazama kibali cha unakoishi tu, na New Jersey, New York na California hazikitambui. Hifadhi pesa yako.

Sanduku la kufuli linunue kwa vyovyote vile, na lisiwe la bei ya chini kabisa. Ndilo linalokupitisha, ndilo linalolinda bastola isiibiwe ukiwa unaoga kituoni. Ila ukumbuke tundu lake.

Kuiacha nyumbani ndilo chaguo watu wanaona aibu kulitaja, kana kwamba ni woga. Kwa mizigo ya New Jersey, New York na Maryland, mimi huiacha. Kuna sababu nyingine isiyohusu jimbo: sheria za shirikisho za usafirishaji hazimkatazi dereva kuwa na bastola kwenye kebini, lakini kampuni nyingi zinamkataza kwenye mkataba. Kampuni niliyoanzia kazi ilikuwa na aya tatu juu ya jambo hilo kwenye kitabu cha kanuni, ukurasa ambao hakuna aliyeusoma mpaka mwenzetu mmoja alipofukuzwa. Na ukipangiwa mzigo wa kambi ya jeshi, langoni wanapekua, na hapo hakuna kibali cha jimbo kinachosaidia.

Kuna wanaosema subiri, Bunge litapitisha sheria ya vibali kutambuliwa nchi nzima. Baraza la Wawakilishi liliipitisha Desemba 2017, ikafia Seneti. Ikarudishwa tena 2025. Ikipita nitaandika upya. Kwa sasa, kabla ya kila njia mpya, fungua ukurasa wa mwanasheria mkuu wa jimbo unalokwenda, usitegemee ramani za rangi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeona moja bado ina Florida ya kabla ya Julai 2023.

Binamu yangu alinipigia tena juzi. Dispacha, yule anayetupangia mizigo, amempa mzigo wa Elizabeth wa Jumatatu, na wa kurudi ni wa Indianapolis. Aliniuliza kama anaweza kuiacha kwa rafiki yake pale Allentown, upande wa Pennsylvania, aichukue akirudi. Nikamuuliza huyo rafiki ana viza gani. Akanyamaza, halafu akacheka. Bastola imebaki Columbus, kwenye sefu ya chumbani.